Kadi za Alfonsi

Dar es Salaam
4 Aprili 1975

Dada yangu Atusaye,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako wewe na baridi ya Sumbawanga.

Dada, nimepewa kazi ya kunitoa jasho. Unaijua ile orodha inayowafikia ofisini kwenu kila Januari na kila Juni, inayosema kijiji fulani kilichohamishwa kipewe magunia mangapi ya mahindi mpaka kitakapovuna chenyewe? Basi inatoka kwenye kompyuta yetu hapa, na programu yake sasa iko mikononi mwangu. Aliyeiandika ni Alfonsi, Mfipa wa huko huko, fundi hasa, lakini ameniachia balaa. Programu yenyewe ni kadi zilizotobolewa, kadi moja amri moja. Kila kijiji kilipoandikishwa, Alfonsi alichukua sehemu ya kijiji kilichotangulia, akainakili kadi kwa kadi, akabadilisha jina na idadi ya watu. Vijiji arobaini na kimoja, sehemu arobaini na moja, zote zinasema yale yale. Ukitaka kurekebisha neno moja unalirekebisha mara arobaini na moja, na ukisahau mahali pamoja umeumia. Trei tatu zimejaa. Kikija kijiji kingine hakina pa kukaa.

Mimi nataka sehemu moja tu kwa vijiji vyote. Vijiji vyenyewe vikae kwenye jedwali, kila kimoja na kadi yake: jina, watu, mwezi wa kuhamia. Kikija kipya unaongeza kadi, programu huigusi. Mkubwa wangu amefurahi mno. Amesema nikimaliza kabla ya Juni nitakuwa mkuu wa wapanga programu. Nisipomaliza anampa mwenzangu mmoja, ambaye hata salamu hanipi.

Kikwazo ni kimoja. Vijiji sita vya juu Ufipa vina kadi mbili mbili za ziada, jumla kumi na mbili, ambazo zinasogeza mavuno yao mbele mwaka mzima. Kwa nini? Hakuandika. Vijiji jirani havina. Nafikiri alikosea mara moja, kisha akanakili kosa lake. Au si kosa. Maana kimojawapo ni Nantumbu, na Nantumbu ndiko alikohamishiwa mama yake. Mama ni mjane, hakuwa na wa kumwezekea nyumba, ndiyo maana Alfonsi aliomba likizo Januari na hakurudi. Mwaka mzima wa mahindi ya bure kwa mama na majirani zake! Sisemi kitu, ila na wewe fikiri.

Nenda ukamwulize, dada. Kadi zile ni za nini? Jibu lake nalihitaji kabla Mei haijaisha.

Ni mimi mdogo wako,
Isakwisa

Sumbawanga, Majengo
23 Aprili 1975

Mdogo wangu Isakwisa,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa, nimeianika juu ya jiko ndipo ikasomeka. Nimeona unavyojisifu. Mama angekuwepo angesema umeanza.

Nantumbu si hapo nyuma ya soko. Kwa gari ni saa tano barabara ikiwa nzuri, na haijawa nzuri tangu Krismasi. Kwa miguu ni siku mbili. Gari la ofisi lipo lakini mafuta hakuna, na yakija yanakwenda kwanza kwa Bwana Theodory, mkuu wangu. Nilimwomba ruhusa, nikamweleza sababu. Akaniuliza nina maana gani kusema kijiji kimoja kinatofautiana na kingine. Akasema watu wamehamishwa wawe sawa, na sisi hatulipwi mshahara kutafuta tofauti. Nikarudi mezani kwangu. Tangu operesheni ya kuhamishia watu vijijini, ofisi hii ina masikio mengi, na mimi ni mtu wa kuja, Mnyakyusa kati ya Wafipa.

Lakini nikuulize, wewe uliyesoma: watu wa Kabwe wanakula samaki wa ziwa, watu wa Laela wana plau na ng'ombe wa kuvuta, hawa wa huku juu wana jembe na mgongo. Hao wote utawaweka kwenye sehemu moja, na wasibanane?

Alfonsi nilimwona mara moja kwenye misa ya mazishi ya karani mwenzetu. Mpole, anaongea chini chini. Sidhani kama ni mwizi, lakini moyo wa mtu ni msitu. Nitakwenda, usinisukume. Nikipata gari nitakwenda.

Dada yako,
Atusaye

Dar es Salaam
9 Mei 1975

Dada,

Shikamoo. Nakusukuma, unisamehe.

Ungeiona programu yangu ungecheka kwa furaha. Trei tatu zimekuwa nusu trei. Nilijaribu vijiji vitano vya uongo, nikatunga na majina, nikaweka kadi tano kwenye jedwali, ikavipokea bila kelele. Mkubwa alileta wageni waione. Akawaambia huu ndio ujamaa wa kweli, kila mtu kwenye mstari, hakuna nyumba ya peke yake porini. Wakapiga makofi.

Kadi kumi na mbili za Alfonsi nimeziweka kando mezani kwangu, zimefungwa kwa uzi, zinasubiri neno lako. Sitafanya lolote kabla hujanijibu. Lakini siku zinakwisha, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Ukinikwamisha sasa, hata huo mkaa umepotea bure.

Fanya ufanyavyo. Neno moja tu, ndiyo au hapana.

Isakwisa

Sumbawanga
24 Mei 1975

Mdogo wangu,

Nimemwona Alfonsi. Anasema kadi zile zilikuwa za majaribio tu, alisahau kuzitoa. Hakuna tofauti. Zitoe.

Hongera ya kazi. Nikipata nafasi nitaandika zaidi.

Atusaye

Dar es Salaam
20 Juni 1975

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo mara mia. Mimi sasa ni mkuu wa wapanga programu! Nina meza yenye droo tatu, na watu wanne wananiita bwana mkubwa, wawili kati yao kwa kejeli.

Orodha ya Juni imetoka kwa dakika kumi na moja. Ya Alfonsi ilikuwa inachukua karibu saa nzima. Mikoa miwili imekwisha kuandika barua kuomba programu hiyo hiyo, na sihitaji kubadilisha amri hata moja, ni jedwali tu. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Barua yako ilikuwa fupi kama simu ya posta. Umeniudhikia? Au ni kazi? Nimekutumia kitenge kwa mkono wa Mchungaji anayekwenda Mbeya, naye atamtuma mtu wake akuletee. Na Alfonsi ukimwona tena msalimie, mwambie sina kinyongo.

Mdogo wako mkubwa,
Isakwisa

Nantumbu
kwa mkono wa misheni, Sumbawanga
2 Novemba 1975

Ndugu Isakwisa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujaonana, ila nadhani unanijua kwa kadi zangu, na kama ulinilaani ulikuwa na haki. Ile programu niliiandika kwa haraka. Vijiji vilikuwa vinaandikishwa kila siku, nikawa nanakili tu. Nimesikia umeiweka vizuri. Ningependa siku moja kuiona.

Samahani kwa usumbufu ufuatao. Juni magunia hayakuletwa Nantumbu. Tukasema ni mafuta ya gari. Julai kimya, Agosti kimya. Tulikuwa na maharage, tukala maharage. Mwisho wa Oktoba nilikwenda mjini kwa miguu nikaomba kuiona orodha. Nantumbu imeandikwa IMEVUNA. Na wale wenzetu watano pia.

Nahisi mashine ya kusoma imezitafuna kadi mbili mbili za sehemu zile sita. Siku za joto ina tabia hiyo. Naomba uziangalie. Kazi yake ni hii. Watu wa Laela wanalima kwa plau, wanapanda mahindi mvua ya kwanza, na Juni hiyo hiyo wanavuna. Sisi wa vijiji sita hatulimi hivyo. Februari na Machi tunalundika nyasi na kupindua udongo juu yake, shamba zima linakuwa vilima vidogo vya mviringo. Tunaviita intumba. Juu yake tunapanda maharage kidogo. Nyasi zinaozea ndani, na mvua ya mwaka wa pili ndipo tunavitawanya tukapanda ulezi. Udongo wetu umechoka, bila hivyo hautoi kitu. Kwa hiyo mtu aliyehamishwa Oktoba sabini na nne atavuna ulezi Juni sabini na sita. Intumba zetu za zamani zilibaki kule tulikotolewa, na kurudi huko tumekatazwa.

Kosa ni langu. Sikuandika maelezo kwenye kadi. Nilidhani nitakuwepo, atakayeshangaa ataniuliza. Laiti mtu angeniandikia hata mstari mmoja kuniuliza, ningejibu siku ile ile. Tangu nitoke huko sijaulizwa na yeyote.

Mama yangu, Bertilla, anakusalimu. Tuko watu mia nne na kumi na wawili. Tafadhali usichelewe.

Ndugu yako katika kazi,
Alfonsi

Dar es Salaam
21 Novemba 1975

Dada,

Shikamoo. Nakutumia barua ya Alfonsi uisome mwenyewe. Angalia mwisho mwisho, anaposema hajaulizwa na yeyote.

Dada, ulimwona nani mwezi wa tano? Ulimwuliza nani? Nilikutuma jambo moja tu! Mimi nilikuamini kuliko nilivyoiamini mashine, na sasa kuna watu mia nne na zaidi hawana chakula kwa neno lako. Ungesema hukwenda. Ungesema hujui. Kusema hujui kuna ugumu gani?

Upande wangu nimekwisha maliza. Nimeongeza safu moja kwenye jedwali, kuvuna mwaka wa kwanza au wa pili, nikatoboa upya kadi sita. Nusu saa, basi. Kwenye programu ya zamani ingekuwa kazi ya wiki. Lakini orodha nyingine haichapwi kabla ya Januari. Kuichapa sasa lazima nimwombe mkubwa, naye atauliza ilikuwaje, atauliza nilithibitisha kwa nani. Nimwambie nini? Kwamba nilimwuliza dada yangu, na dada yangu akanidanganya? Tutafukuzwa wote wawili. Wewe uko karibu nao. Sahihisha orodha kwa kalamu hapo ofisini, andika vijiji sita, magari yaondoke. Januari kompyuta itasema hivyo hivyo, hakuna atakayejua.

Isakwisa

Sumbawanga
14 Desemba 1975

Isakwisa mdogo wangu,

Sikumwona. Sikwenda. Nilifika stendi siku tatu mfululizo Mei ile, hakuna gari. Ruhusa ya kwenda kwa miguu sikuwa nayo, na mkuu alikwisha nionya. Nilisoma barua yako ya mkaa na ukuta nikalia. Nikajiambia mtoto huyu amesoma, ameona mwenyewe kwamba kadi hazina maana, anataka tu mtu wa kumtoa wasiwasi. Nikaandika alichotaka kusoma. Sina maelezo mengine, na hayo niliyokupa si maelezo.

Nilifanya ulivyosema, nikaandika kwa kalamu vijiji sita. Bwana Theodory aliniita akaweka karatasi mbili mezani, ya kompyuta na ya kwangu. "Kati ya kalamu yako na mashine ya Serikali, nani aaminiwe?" Nikamwambia mashine imekosea. Akasema mashine haina shangazi wala mjomba, haina sababu ya kukosea, lakini mimi ninazo. Akaichana ya kwangu. Akasema Januari si mbali.

Wiki ile ile nikaondoka bila ruhusa. Nilitembea siku mbili, usiku nililala kwa masista. Mdogo wangu, Nantumbu wanakula majani ya maharage yaliyokauka, wanayaloweka. Watoto wana tumbo na miguu ya kuvimba. Nyumba zimepangwa mstari mmoja mzuri kama ulivyoandika, na milangoni watu wamekaa tu, hakuna anayeinuka. Ulezi wa mbegu bado wanao, debe kumi na kitu, umehifadhiwa kwa mama yake Alfonsi. Wakati wa kuupanda ni huu. Vijana wanasema uliwe. Yule mama amekataa. Amesema ukiliwa leo, mwakani hata mashine ikikubali hamtakuwa na cha kuvuna. Yeye mwenyewe amekonda, ngozi ya mikono inaning'inia. Bado kila mtu anamtii.

Niliwakusanya nikawaambia. Nilisema mimi ndiye niliyesema uongo, jina langu ni hili, ofisi yangu ni hii. Hakuna aliyenipigia kelele. Ningeona nafuu kama wangepiga.

Isakwisa, nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu. Nenda kwa mkubwa wako leo. Ichapwe leo. Nitaje mimi, waambie dada yake alidanganya, nifukuzwe, nifungwe. Usiningojee hadi Januari.

Dada yako,
Atusaye

Dar es Salaam
6 Januari 1976

Kaka Alfonsi,

Salaam nyingi. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu, mwisho wa mwaka kazi zilinielemea.

Nina furaha kukuarifu kwamba orodha ya Januari imetoka jana, na Nantumbu mmewekwa magunia tisini na sita, pamoja na yale ya Juni mliyokosa. Vijiji vingine vitano navyo vimo. Nimeongeza safu ya msimu kwenye jedwali na nimeandika maelezo marefu kuhusu intumba, atakayekuja baada yangu hatapata taabu. Ulikuwa sahihi kabisa, na umenifunza.

Ilikuwa vigumu kuichapa mapema, utaratibu wetu unaujua. Dada yangu aliniandikia niharakishe, lakini mkubwa alikuwa safarini.

Vumilieni kidogo. Salamu kwa Mama Bertilla.

Wako,
Isakwisa

Nantumbu
15 Februari 1976

Ndugu Isakwisa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata. Magari yalifika tarehe tatu mwezi huu, mvua iliyakwamisha wiki nzima mtoni. Ni mahindi ya njano, yana wadudu, lakini tumeyasaga tunakula.

Mama alifariki tarehe kumi na tisa Januari. Hakuumwa na kitu, alikuwa amekwisha tu. Mbegu zilipandwa zote kabla ya Krismasi, alisimamia mwenyewe amekaa chini. Ulezi umeota. Pamoja naye tumezika watu tisa tangu Novemba, watano ni watoto wadogo. Kwenye kadi ya Nantumbu uliandika mia nne na kumi na wawili. Naomba upunguze tisa, tusije tukapewa magunia ya watu ambao hawapo, halafu mtu akasema Alfonsi anapendelea kwao.

Sasa kuna jambo jingine. Dada yako ameacha kazi. Anaishi huku kijijini kwetu, kila siku anapalilia na sisi. Hazungumzi. Aliwaambia watu wote kwamba wafu hawa ni wake, kwa sababu ya barua aliyokuandikia mwisho wa Mei. Ndugu yangu, orodha ya Juni niliyoiona mjini ilikuwa na tarehe ndogo chini, tarehe ya mwisho programu kuguswa. Amri ya kuichapa niliiweka mimi, na wewe hukuiondoa. Ilisema 28 Aprili. Nilikwenda kuitazama tena nilipopeleka taarifa ya mazishi, nisije nikamsingizia mtu. Ni 28 Aprili.

Sijamwambia. Jambo la kumwambia ni lako, na anayestahili kulisikia yuko hapa mgongo umeinama. Mimi sikuhukumu. Na mimi ningeweza kuandika maelezo mstari mmoja, sikuandika.

Alfonsi

Dar es Salaam
4 Machi 1976

Dada,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Acha niseme kama ilivyo.

Kadi kumi na mbili za Alfonsi hazikuwahi kukaa mezani kwangu zikikusubiri. Nilizitupa tarehe ishirini na nane Aprili, kabla barua yako ya kwanza haijanifikia. Wageni walikuwa wanakuja, programu ilikuwa inapendeza, sehemu moja safi, na zile kadi zilikuwa zinaiharibu. Ningelazimika kuweka masharti katikati kwa ajili ya vijiji sita. Nikasema ni makosa, au ni upendeleo, nikazitupa kwenye pipa. Programu ikakubaliwa siku ile ile. Nilipokuandikia tarehe tisa Mei nilikuwa nimekwisha maliza. Nilitaka uniambie nilifanya vizuri. Ungeandika kwamba kadi zina maana sijui kama ningezirudisha. Nafikiri nisingezirudisha. Ingebidi nimwambie mkubwa nimerudi nyuma.

Na Desemba mkubwa hakuwa safarini. Alikuwa chumba cha pili. Barua yako niliisoma, nikaiweka kwenye droo, nikangoja Januari.

Uongo wako haukumnyima mtu gunia hata moja. Nimelijua hilo tangu Novemba na sikukwambia, kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu wewe ukibeba. Rudi kazini, dada. Rudi Mbeya. Njoo huku kwangu. Mwambie Bwana Theodory ni mimi. Mkubwa wangu nimemwandikia jana, nimemweleza yote.

Nisamehe.

Isakwisa

Nantumbu
29 Machi 1976

Isakwisa,

Barua yako nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena.

Uongo niliouandika ni wangu, sikurudishii. Niliuandika nikiwa sijui kwamba ulikwisha zitupa, kwa hiyo mbele za Mungu ni ule ule. Usijaribu kunipunguzia kama unavyopunguza kadi.

Lakini kuna jambo sikukuandikia Desemba, sikuona sababu. Siku ile niliyowakusanya watu, nilipomaliza kusema nilikwenda kwa Mama Bertilla nikapiga magoti. Sikuweza kumtazama. Nilimwambia, mama, mimi ndiye niliyewanyima. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekusamehe. Inuka, usilibebe tena." Aliyasema mbele ya wote, na akawaamuru nao waseme, wakasema, mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wamezika watoto wiki ile. Mimi nililipokea neno hilo. Ndilo lililoniwezesha kulala.

Sasa naona kwamba msamaha ule ulikuwa wako. Nimeupokea mimi, na wewe ulikuwa umekaa Dar es Salaam ukijua. Ungeandika Novemba ningemwambia jina la kweli, angekusamehe wewe, nina hakika, alikuwa mtu wa namna hiyo. Ameondoka hakukujua. Alikuulizia hata afya yako, akaniambia mdogo wangu lazima anaumia sana kwa kosa langu. Nami sina wa kumrudia kumwambia alikosea mtu.

Nimewaambia waliobaki. Mzee mmoja akauliza kama inabidi waseme upya, kwa jina jingine. Nikamwambia sijui. Akasema yeye hana nguvu ya kusamehe mara mbili mwaka mmoja, labda baada ya mavuno.

Mimi nitakaa huku mpaka ulezi uvunwe. Usije, na usiniandikie mpaka nikuandikie.

Atusaye